Mtaro Unaoishia kwa Mama Pacha

Mvua ya kwanza ilishuka mchana, na watu wa mtaa badala ya kukimbilia ndani walitoka nje kuutazama mtaro wao. Walisimama pande zote mbili, wengine na miavuli, wengine wamejifunika magunia kichwani, wakayashangilia maji kama watu wanaoshangilia mbio za baiskeli. Maji yalikuja na rangi ya udongo, yamebeba makopo, majani na kandambili moja ya mtoto. Yakapita katikati ya kuta mbili za mawe na saruji, yakateremka bila kumwagika uani kwa mtu. Miaka yote mvua ya namna ile iliingia kila nyumba na kulowesha magodoro. Leo milango ilikuwa wazi na sakafu zilikuwa kavu.

"Mwenyekiti! Njoo uone kazi yako!"

Mama Pacha, muuza mkaa, alikuwa juu kabisa ya mtaa, mbele ya nyumba ya mwalimu, gauni limemganda mwilini, anacheka mwenyewe. Ndiye mwenyekiti wa kamati ya mtaro, aliyezunguka nyumba kwa nyumba akibembeleza, akitania, wengine akiwatolea macho, mpaka wakakubali kuchimba. Mwalimu, ambaye si mtu wa kushikana mikono ovyo, alimpa mkono.

"Umetutoa kwenye tope, mama. Tungeisubiri serikali, wangekuja kuchimba wajukuu zetu."

"Tumejitoa wote, Mwalimu."

Hapo ndipo alipomwona mmoja wa mapacha wake akipanda mbio, peku, sare ya shule imelowa mpaka kiunoni.

"Mama, maji yako chumbani kwa bibi."

"Maji gani?"

"Haya," mtoto akasema, akaonyesha mtaro.

Nyumba ya Mama Pacha ilikuwa ya mwisho, chini kabisa, mahali mtaa ulipoishia na barabara kuu kuanzia. Mtaro ulipita ubavuni mwake, ukafika kwenye ukingo wa lami, ukasimama. Mpango ulikuwa upite chini ya barabara utokee bondeni, upande wa pili. Makalavati, yale mabomba mapana ya zege ya kupitishia maji, yalikuwa tayari. Kipimo, mwashi wa mtaa, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakosi kamba ya kupimia mfukoni, alikuwa ameyatengeneza kwa mikono yake, na yalilala kando ya barabara watoto wakicheza ndani yake. Kilichobaki ni ruhusa ya kukata lami, na ruhusa hiyo waliahidiwa itatangulia mvua. Mvua ndiyo iliyotangulia.

Mama Pacha alipoingia, maji yalikuwa yamepita magoti. Mumewe, fundi viatu, alikuwa anachota kwa ndoo na kumwaga dirishani, na maji aliyoyamwaga yalizunguka nyumba na kurudi kwa mlango wa nyuma. Kwenye chumba cha mbele alichokifanya karakana, viatu vya wateja vilikuwa vinaelea, pea zimeachana, kila kimoja kikienda njia yake. Bibi, mama yake fundi, ambaye nyonga ilikuwa haimruhusu kusimama bila kushikwa, alikaa katikati ya kitanda ameikunja miguu.

"Mwenyekiti amefika," Bibi alisema. "Mpisheni apite."

"Si ulisema yatapita chini ya barabara?" mumewe akauliza bila kuacha kuchota.

"Yatapita. Ruhusa bado haijatoka."

"Basi yaambie na yenyewe yasubiri ruhusa," Bibi akasema.

Mama Pacha alikumbuka mkaa wake. Alikimbilia uani. Magunia yake ya mkaa yalikuwa yamelala kwenye maji, na mkaa ulikuwa umetoka, umetanda uwanja mzima, mweusi, mwepesi, unakwenda polepole kuelekea ukuta. Akaanza kuuokota kwa mikono. Huko juu mtaani bado alikuwa anasikia vigelegele.

*

Afisa wa kata alimpokea vizuri. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye koti moja la kazini ambalo halikuwa limekosa siku hata moja kuning'inia mgongoni mwa kiti chake. Siku ya kwanza ya kuchimba mtaro ndiye aliyepiga jembe la kwanza, akapigwa picha, kisha akarudi jioni bila mpiga picha akachimba kweli mpaka mikono ikatoka malengelenge. Kwa hiyo Mama Pacha hakuja na hasira. Alikuja na matope tu, na mwanamke anayefagia ofisi akamwambia mlangoni, "Mama, miguu hiyo," akamtupia kitambaa.

Afisa alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mtaro ni wa mtaa, na mtaa uko chini yangu," alisema. "Lakini barabara haiko chini yangu. Mimi naishia pale lami inapoanzia. Mwaka jana mbuzi aligongwa pale kwenye kona, akafa. Wenye nyumba za karibu wakaja hapa wanalia harufu. Nikaomba kibali cha kumwondoa. Mbuzi akaoza akaisha, kibali sijakiona mpaka leo."

"Sasa mbona ulituruhusu tuchimbe?"

"Mlikuwa na moyo, mama. Watu wanajichangisha wenyewe, wanabeba mawe wenyewe. Ningewakataza kwa mdomo gani?" Alisugua uso. "Na huko juu waliniambia ruhusa ni jambo dogo. Waliniambia hivyohivyo, jambo dogo."

"Twende wote ukawakumbushe."

Afisa alitazama koti lake kwenye kiti. Akalichukua, akalivaa, akafunga vifungo vyote.

Idara ya barabara ilikuwa na jengo la ghorofa na kiyoyozi. Mtaani afisa wa kata akipita watu husimama kumsalimu. Hapa msichana wa mapokezi hakuinua macho.

"Nyie wa kata kaeni kule."

Kule kulikuwa na benchi karibu na choo. Walikaa wakakaa. Afisa aliinuka mara kadhaa kila mlango ulipofunguka, akanyoosha koti, akarudi kukaa. Saa ya chakula ikafika, watu wakatoka, wakarudi. Mwishowe mhandisi mmoja, kijana ambaye angeweza kuwa mtoto wa afisa, alitokea na funguo za gari mkononi akawasikiliza wakiwa wamesimama.

"Barabara hiyo bado iko mikononi mwa mkandarasi," alisema. "Tukiikata leo, kesho ikibonyea atasema sisi ndio tuliomharibia. Halafu lazima mchoro."

"Mchoro anachora nani?" Mama Pacha akauliza.

"Sisi."

"Basi tunaomba mtuchoree."

"Haumo kwenye mpango wa mwaka huu."

Afisa akakohoa. "Mheshimiwa, kuna nyumba inaingia maji. Mama huyu ana mgonjwa ndani."

Mhandisi akamgeukia. "Na wewe mzee, nani alikupa madaraka ya kuelekeza mtaro kwenye barabara yetu? Unajua hilo ni kosa? Kisheria ningeweza kuwaambia muufukie."

Mama Pacha akamsogelea. "Tuufukie?"

"Sijasema mfukie. Nimesema ningeweza."

"Sasa tufanye lipi?"

"Leteni maombi upya, yapitie ngazi zote. Sio kuvamiana hivi mlangoni." Akaangalia saa, akaondoka.

Njia nzima ya kurudi afisa alitembea mbele. Walipokaribia mtaa alisimama, akavua koti, akalikunja na kulitia kwapani.

"Mama Pacha," alisema, "ukiwaeleza watu, waeleze majibu. Lile la kuniita vile, la madaraka nani alinipa, liache huko huko."

"Sikulisikia, afisa," Mama Pacha akasema.

*

Mkutano uliitishwa kwenye kibaraza cha mwalimu, ambako watu hukaa kila wanapoamua jambo la mtaro. Zamani watu wale walikuwa wanapigiana kelele. Mwenye sauti kubwa ndiye aliyeshinda. Mama Pacha ndiye aliyewafundisha kupeana zamu ya kusema na kuamua kwa kunyoosha mikono. Walilizoea jambo hilo wakalipenda, kiasi kwamba hata rangi ya ndoo za kubebea kokoto waliipigia kura.

Aliwaeleza majibu ya idara. Kisha akatoa ombi lake. Alikuwa amelifanyia mazoezi njiani, lakini lilipotoka lilitoka limepinda.

"Naomba tuuzibe kwa muda. Hapa juu. Tuweke viroba vya mchanga mpaka ruhusa ije. Maji yatawanyike kama zamani. Yakitawanyika, kila mtu atapata kidogo. Yakija kwangu yote, mimi sina nyumba."

Mtu mmoja akachezea fimbo chini.

"Kidogo kiasi gani?" akauliza mwanamume mmoja nyuma.

"Kama zamani."

"Zamani hakikuwa kidogo, mama."

Mwalimu akaomba zamu, akapewa. Alizungumza taratibu, kama mtu anayetoa pole. "Hakuna asiyeona shida ya mwenyekiti wetu. Lakini tuulizane. Tulichimba ili nyumba zote zipate maji, au ili maji yatoke? Nyumba moja ina shida. Tukiziba, zitakuwa nyumba zote. Mimi naona tumsaidie mwenyekiti kwa hali na mali, lakini mtaro tuuache."

"Hali na mali," fundi viatu alirudia chini chini. "Mali ipi?"

Mama Pacha alimtafuta kwa macho jirani yake mshonaji. Nyumba zao zilifuatana, miaka mingi wameazimana moto, chumvi, hata nguo za kwendea msibani. Mshonaji alikuwa amempakata mtoto wake wa mwisho. Mvua za mwaka uliopita mtoto huyo alilala hospitali kifua kikikoroma, kwa sababu ya kulala kwenye sakafu yenye maji, na Mama Pacha ndiye aliyemshikia mama yake mkoba usiku na mchana wodini. Mshonaji aliinamisha kichwa akaanza kufunga vifungo vya shati la mtoto, vifungo vilivyokuwa vimefungwa tayari.

"Haya," Mama Pacha akasema, maana yeye ndiye mwenyekiti na hakukuwa na mwingine wa kusema. "Wanaokubali tuzibe, nyoosheni mikono."

Alinyoosha wake. Mumewe akanyoosha. Kipimo mwashi, mwenye nyumba juu ya kilima ambako maji hayajawahi kufika, alinyoosha na kuushusha, akaunyoosha tena.

"Wanaokataa."

Hakuhesabu. Hapakuwa na haja. Mshonaji hakunyoosha mara ya kwanza wala ya pili.

Na kweli walimsaidia. Hakuna anayeweza kusema hawakumsaidia. Kesho yake walikuja na viroba vya mchanga wakavipanga kuizunguka nyumba, wakapasua mfereji mdogo wa kupunguzia, wakainua vitanda juu ya matofali. Mwalimu mwenyewe alibeba viroba mpaka shati likalowa jasho. Mshonaji akaja na mwanawe mgongoni akachukua magunia ya mkaa yaliyosalia, akayapanga kibarazani kwake palipo pakavu.

"Utauzia kwangu," alisema. "Wateja nitawaambia."

"Ahsante."

"Usinikasirikie."

"Sijakasirika."

"Mtoto, mama. Ningefanyaje?"

"Najua," Mama Pacha alisema, na alikuwa anajua kweli. Hilo ndilo lililomkaba. Angekuwa na wa kumtukana, angepumua.

Mkaa ule uliolowa aliuanika juani siku nyingi. Ulikauka kwa nje, ndani ukabaki na maji, ukiwekwa jikoni unatoa moshi na kupasuka vipande. Wateja waliununua mara moja, kwa huruma. Mara ya pili walipita upande mwingine wa barabara, wakamsalimia kwa mbali, kwa furaha nyingi kupita kawaida.

*

Mvua kubwa ilikuja jioni, mapema, watu wakiwa bado wanatoka makazini. Kabla haijafikisha nusu saa, viroba vilikuwa vimelala. Maji yalipanda dirishani kwa nyuma. Udongo wa ukuta wa chumba cha Bibi ulianza kutoka, kwanza kama unga, kisha mabonge.

"Mama, tunakutoa," fundi viatu alisema.

"Sitoki."

"Ukuta huu unaanguka."

"Aliujenga baba yako. Nilimkandia udongo mimi, na wewe ukiwa tumboni. Mafuriko yote yamenikuta humu na sijatoka. Yale yalikuwa ya Mungu. Haya ni ya kamati." Akamtazama mkwewe. "Siwezi kutoka kwa ajili ya maji ya kamati."

"Mama, nakuomba," Mama Pacha akasema. Alikuwa amesimama ndani ya maji, mapacha wamemshika kila mmoja upande wake.

"Unaniomba kwa mamlaka gani? Kama mke wa mwanangu au kama mwenyekiti?"

Fundi viatu akaangalia ukuta, akamwangalia mama yake. Kisha akatoka. Mkewe alidhani anakwenda kuita watu wa kumbeba, na huenda hata yeye mwenyewe alidhani hivyo alipovuka kizingiti. Lakini nje, karibu na makalavati, kulikuwa na jembe la kamati. Akalichukua, akapanda mtaa kwenye mvua, akapita milango iliyo wazi na taa zinazowaka na watu wanaokula kwenye sakafu kavu, mpaka mbele ya nyumba ya mwalimu. Akaingia kwenye mtaro akaanza kubomoa ukingo wa udongo na kuutupa ndani. Alikuwa mtu mdogo wa umbo, miguu iliyozoea kukaa kwenye kigoda, na maji yalimsukuma akaanguka, akainuka, akaendelea. Pakaanza kuziba. Maji yakasita, yakavimba, yakamwagika njiani, yakaelekea kwenye mlango wa mwalimu, na wa jirani yake, na wa jirani yake tena.

Watu wakatoka. Hawakumpiga. Hawakumtukana hata. Walisimama ukingoni, wanaume wengi, wamelowa, na mwalimu akateremka mpaka ndani ya mtaro akamshika mkono.

"Shemeji," alisema, "hilo jembe ni la kamati."

Fundi viatu hakuliachia.

"Shemeji, lete jembe."

"Mama yangu yuko ndani."

"Tutakwenda kumtoa. Sasa hivi, wote. Lete kwanza jembe."

Akalitoa. Baadaye alikuja kusema kwamba ni lile neno shemeji lililomlegeza. Angeitwa mwizi, angepigana. Vijana wawili waliteremka wakafungua palipozibwa, na maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya udongo yakaondoka kwa mkupuo mmoja, yakashuka mtaa mzima kwa kishindo. Mwalimu na wengine wakawa wanakimbia kando yake kwenda kumtoa Bibi, na maji yakawashinda mbio.

Walimkuta Mama Pacha amemtoa tayari. Alikuwa amemvuta pamoja na godoro, mapacha wakisukuma, mpaka karakana, Bibi akipiga kelele za nyonga na matusi aliyokuwa hajawahi kuyasema mbele ya wajukuu. Nyuma yao ukuta wa chumba uliinama polepole, kama mtu anayetaka kukaa, ukaanguka kitandani. Paa likafuata.

Wanaume wakamweka Bibi kwenye kiti cha fundi, cha wateja, wakambeba juu kwa juu mpaka kwa mshonaji. Alipowekwa chini, kwenye sakafu ya saruji iliyofagiliwa, aliigusa kwa kiganja.

"Pakavu hapa," alisema. Halafu akaanza kulia.

*

Walipata chumba kimoja cha kupanga, mtaa mwingine, nyuma ya mashine ya kusaga. Mashine ikiwashwa, vyombo vilitetemeka kwenye rafu na Bibi alizungumza na ukuta. Fundi viatu alikwenda kukaa na kigoda chake kwenye kibaraza cha duka moja barabarani. Mwenye duka alimruhusu, ila kila mteja wa duka alipofika alimwambia, "Fundi, hebu sogea kidogo," na fundi akasogea, mpaka jioni ikamkuta yuko juani kabisa. Viatu vile vilivyoelea, vingi vilikuwa vimebanduka soli. Alivitengeneza bure, kimoja kimoja. Mteja mmoja alikataa vyake, akasema vina harufu.

Maombi mapya yalipitia ngazi zote kama walivyoambiwa. Yaliporudi, afisa wa kata alikuja mwenyewe mpaka kwenye kile chumba kupeleka habari. Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, magoti juu, akakataa kunywa chochote.

"Wamesema jambo linazingatiwa," alisema. "Kwa mwaka mwingine wa fedha."

"Mwaka upi?" Mama Pacha akauliza.

"Hawakutaja."

Mashine ikawashwa, ikazimwa.

"Kuna wazo lingine, limetoka mtaani. Nimeona nikuambie kabla hujalisikia kwa watu. Kiwanja chako kwa sasa kimekaa tu. Mwashi anasema likichimbwa bwawa pale, kubwa kiasi, maji yatakusanyika na kunyonywa polepole. Barabara haitaguswa. Kwa muda tu, mpaka makalavati yapite. Watakuchangia kodi ya hiki chumba." Alikunja vidole. "Hilo halihitaji idara yoyote, mama. Kiwanja kiko mtaani. Hilo naweza kulipitisha mimi, leo leo."

Alisema maneno ya mwisho karibu kwa furaha, kisha akayasikia, akatazama chini.

"Kumbe lipo unaloweza," Bibi akasema kutoka kitandani.

Mkutano ulifanyika kwenye kiwanja chenyewe, kwa kuwa sasa ndiko kulikokuwa na nafasi. Mvua zilizofuata zilikuwa zimebomoa nyumba, na kuta mbili tu zilikuwa zimesimama bado. Watu walikuja na viti vyao, wakamsalimia Mama Pacha kwa heshima, wakamuuliza hali ya Bibi, wengine wakaleta sabuni na nguo za watoto. Hakuna aliyetaka kumpokonya uenyekiti. Walimwekea kiti mbele kama kawaida.

Mwalimu alieleza. Kipimo alionyesha kwa kamba yake bwawa litaanzia wapi na kuishia wapi. Mama Pacha aliuliza kama kuna mwenye neno. Hakuna. Yeye mwenyewe alikuwa na maneno mengi tangu alfajiri. Alikuwa amepanga kusema kwamba la muda halina mwisho, kwamba bwawa likishachimbwa hakuna atakayekwenda tena kukaa benchi la karibu na choo kuomba ruhusa. Alitazama nyuso zao. Walikuwa wanalijua hilo. Walikuwa wanamsubiri asiliseme.

"Wanaokubali, nyoosheni mikono," alisema.

Mikono ikanyooka. Wa mshonaji pia, safari hii, machozi yakimtoka. Na kule pembeni, karibu na mahali palipokuwa karakana, mumewe alikuwa amenyoosha mkono wake.

Hakumwuliza mbele za watu. Alimwuliza njiani, wakirudi kwenye chumba.

"Umenyoosha."

"Ndiyo."

"Kwa nini? Kile ni kiwanja cha baba yako."

"Wangeshinda hata nisingenyoosha."

"Hilo najua. Nakuuliza wewe."

"Nimechoka, mke wangu. Tangu mvua ianze tuko wawili tu, kila mahali. Nilitaka leo, angalau mara moja, na mimi nihesabiwe pamoja na watu."

Mama Pacha alimshika kiwiko, wakavuka barabara.

Siku ya kuchimba walikuja wengi, na majembe, na mabeleshi, na toroli la kuazima. Afisa wa kata naye alikuja, akavua koti, akalitundika kwenye moja ya kuta zilizobaki. Fundi viatu alikuwa miongoni mwa wachimbaji; mtu alimpa jembe, akashukuru. Mshonaji alileta ndoo ya maji ya kunywa. Walikuwa wanataniana, kama zamani, jinsi watu wanavyotaniana kabla ya kazi ngumu. Kisha wakanyamaza wote, kwa sababu hapakuwa na aliyetaka kuwa wa kwanza kupiga.

"Mwenyekiti," Kipimo akaita, kamba mkononi. "Kiwanja unakijua wewe. Tuanzie wapi?"

Mama Pacha aliangalia huku na huku. Akanyoosha kidole.

"Anzeni pale chumbani kwa mama," alisema. "Ndiko chini zaidi."